Ukienda kwenye uzinduzi wa kompyuta, uliza habari za Rubaya

Nilipokuwa mwandishi wa teknolojia, nilialikwa mara nyingi kwenye uzinduzi wa kompyuta jijini Nairobi. Taa za ukumbi hufifia, muziki hupanda, mkurugenzi huinua kompyuta mpakato kwa vidole viwili ili tuone wembamba wake. Kisha zinafuata namba: kasi ya prosesa, memori, saa za betri, bei. Masisi na Walikale, wilaya za mashariki mwa Kongo zenye madini yanayotumika kwenye kompyuta, sikuwahi kuzisikia zikitajwa jukwaani.

Kazi hiyo nimeiacha. Vijana wa redio za Kivu Kaskazini huniuliza hafla kama hizo ziripotiwe vipi. Haya ndiyo ninayowaambia.

1. Lijue jiwe kwanza. Koltani ya Rubaya, Masisi, hutoa tantali, inayotengeneza kapasita ndogo za kutunza chaji. Kasiteriti ya Bisie, Walikale, hutoa bati, na bati hutengeneza lehemu inayoshikiza vipande kwenye bodi ya kompyuta. Ukilijua hilo, msemaji wa kampuni hatakuyumbisha.

2. Soma kabla ya kwenda. Sheria ya Marekani ya Dodd-Frank ya 2010, kifungu cha 1502, inazitaka kampuni zilizo kwenye soko la hisa huko zieleze kila mwaka kama zinatumia madini ya Kongo na nchi jirani. Ripoti za kwanza zilitoka 2014, na nyingi huorodhesha viwanda vinavyoyeyusha madini hayo. Chapisha orodha hiyo, uwe nayo mkononi.

3. Uliza swali moja, fupi. Ukiuliza kama kampuni inawajali Wakongo, utajibiwa ndiyo, na maikrofoni itahamia kwa mwingine. Uliza hivi: “Waasi wa M23 waliteka Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024. Tangu hapo mmebadilisha nini katika ununuzi wa tantali?” Usiogope kuharibu sherehe. Januari 2014, kwenye maonyesho ya CES mjini Las Vegas, Brian Krzanich, aliyekuwa mkuu wa Intel, alilizungumzia suala hili jukwaani kwa hiari yake, akaahidi prosesa zisizo na madini yanayogharimia vita.

4. “Hatununui Kongo” si jibu la kupigiwa makofi. Septemba 2010 Joseph Kabila, aliyekuwa Rais wa Kongo, alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Wachimbaji na wabebaji waliotembea msituni na magunia kutoka Bisie walikosa riziki, na vita havikuisha. Muulize msemaji: mnanunuaje kwa njia safi, na mchimbaji anabaki na nini?

5. Peleka jibu nyumbani. Desemba 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba M23 walikuwa wakikusanya takriban dola 800,000 kwa mwezi kutokana na biashara ya koltani ya Rubaya. Anayeishi karibu na machimbo hayo ana haki ya kusikia mnunuzi wa mwisho anasema nini. Lisome jibu hewani kwa Kiswahili, na kampuni ikikataa kujibu, taja kwamba ilikataa.

Wadogo zangu, kasi ya prosesa itaandikwa na kila mwandishi aliyemo ukumbini. Swali la Rubaya na Bisie msipoliuliza ninyi, msitegemee mwingine aliulize.