Kiweke au Kiuze? Somo Kutoka kwa Katoni ya Spea

Maandiko ya kusoma nyumbani: Kutoka 16:19–33, 1 Samweli 13:19–21, 2 Wafalme 4:1–7, Luka 12:16–21, Yohana 6:12–13



Wiki hii naanza kwa kuungama. Nilipofika Tarbaj nilikuwa na cheti cha biashara mkononi na majibu mengi kinywani. Mama mmoja wa ushirika wetu, mjane, aliniita nyumbani kwake. Marehemu mume wake alikuja huku kama fundi wa mashine za visima, akabaki. Alimwachia mama kijishamba kando ya kisima, injini ya dizeli inayovuta pampu kwa mkanda, na stoo iliyojaa hadi mlangoni. Mama alikuwa na deni la duka na karo ya watoto wawili. Akaniuliza, "Pasta, hivi vitu niviweke ama niviuze?"

Sikuuliza swali hata moja. Nilimwambia, "Mama, mali iliyolala ni pesa iliyolala. Uza." Katoni ya spea ilienda kwa mtu wa vyuma vikuukuu, kwa kilo. Tulipata Ksh 1,200 nikaona nimehudumu vizuri.

Mwezi wa pili nozeli ya injini ikafa. Kumbe mle kwenye katoni kulikuwa na mbili mpya, bado zimefungwa kwa karatasi yenye mafuta. Kuagiza nyingine Nairobi ilikuwa Ksh 1,800, na Ksh 400 ya mzigo wa basi. Ilichukua siku tisa. Mama alikuwa akiuza sukuma ya karibu Ksh 600 kwa siku, kwa hivyo siku tisa ni Ksh 5,400. Jumlisha: Ksh 7,600. Na sijahesabu nyanya zilizokauka. Nilirudi kwake kuomba msamaha. Alinisamehe, lakini alisema neno moja: "Pasta, ungeniuliza kwanza hicho kitu ni cha nini."

Basi somo la leo limetoka hapo. Tukakaa chini, tukatandika turubai uani, tukatoa kila kitu kilichobaki, na kwa kila kimoja tukauliza maswali manne.

1. Mashine yake bado inafanya kazi?

Spea si mali peke yake. Ni mali kwa sababu ya mashine. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza mtu kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa maisha ya nyumba yanategemea jiwe hilo. Angalia, hata jiwe la juu peke yake limetajwa. Ukiliondoa, la chini linabaki, lakini hakuna unga.

Kwa mama tulikuta vipuri vya pampu ndogo ya petroli iliyokufa zamani, na haitafufuka. Hivyo havikuwa akiba. Vilikuwa kumbukumbu. Tukaviweka upande wa kuuza, pamoja na mwili wa pampu yenyewe, ili anayetaka achukue vyote. Lakini mkanda, chujio na gasketi za injini inayonguruma kila asubuhi, hizo ni jiwe la juu.

2. Kikikosekana, kazi itasimama siku ngapi?

Katika 1 Samweli 13, Israeli haikuwa na mhunzi hata mmoja. Mtu akitaka kunoa jembe au shoka lake, ashuke kwa Wafilisti. Wapendwa, hiyo si ni sisi? Mkulima wa Thika akikosa mkanda, anavuka barabara. Wewe wa Tarbaj unangoja gari la Wajir, na Wajir wakikosa, unangoja la Nairobi. Mvua za El Niño mwishoni mwa 2023 zilikata barabara za Kaskazini Mashariki, na hata mwenye pesa akakaa akizishika tu.

Kwa hivyo hesabu ya spea hapa si bei ya dukani. Ni bei ya dukani, pamoja na nauli, pamoja na kila siku utakayokaa bila maji. Kitu kidogo cha bei rahisi kinachoweza kusimamisha kazi yote, kiweke. Kitu kikubwa kisichosimamisha chochote, mbona kinakula nafasi?

3. Kikikaa, kinabaki kizima?

Mana iliyowekwa hadi asubuhi bila agizo iliota wadudu na kunuka. Lakini ukisoma hadi mwisho wa sura, mana ile ile iliwekwa katika chombo kwa agizo la Bwana, ikakaa kwa vizazi. Basi kuweka si dhambi na si utakatifu. Inategemea ni kitu gani na kinawekwa kwa nini.

Chuma kilichopakwa grisi na kufungwa vizuri kinakaa miaka. Mpira haukai hivyo. Mkanda ulioachwa chini ya bati katika joto letu hukauka na kupasuka, na paipu za matone zilizolala juani hukatika ukizikunja. Dizeli ikikaa muda mrefu huchafuka. Mbolea hufyonza unyevu na kuwa mawe. Mbegu hufa polepole, za kitunguu haraka kuliko za mahindi, na joto huzimaliza mapema zaidi.

Una shaka na mbegu? Weka kumi kwenye kitambaa chenye unyevu kwa wiki moja. Zikiota nane, panda. Zikiota tatu, usimuuzie jirani yako. Huo ni wizi hata ukifunga kwa maombi.

Na dawa za wadudu ni jambo tofauti. Kuziuza kunahitaji leseni, na bodi ya PCPB ndiyo inayosimamia. Zilizopita muda usiuze, usigawe, usimwage karibu na kisima wala silanga. Mwone afisa wa kilimo. Na mtungi wake usigeuzwe wa maji, tafadhali.

4. Kuna deni linalokudai leo?

Mjane wa 2 Wafalme 4 alijaziwa vyombo vyote mafuta. Elisha hakumwambia ayafungie. Alimwambia auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Mpangilio ni huo. Muujiza uliingia ndani ya nyumba, na hatua iliyofuata ilikuwa sokoni.

Hapa ndipo wengi tunakwama, kwa sababu tunasema, "Lakini nilinunua ghali." Chuoni tulifundishwa kwamba pesa iliyokwisha kuzama haipaswi kuamua la leo. Bei uliyolipa 2019 hairudi kwa kukiangalia kitu kila siku. Swali ni: leo, kama ningekuwa na pesa badala ya kitu hiki, ningekwenda kukinunua? Kama hapana, basi kiuze.

Jirani zetu wafugaji wanalijua hili kuliko sisi wa vyuo. Misimu mitano ya mvua ilipofeli mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020, aliyeuza madume mapema, yakiwa na nyama, alipata pesa. Aliyengoja hadi yakabaki mifupa hakupata mnunuzi. Lakini hakuna mfugaji mwenye akili anayekimbilia kuuza ngamia jike anayenyonyesha. Wanajua kipi ni cha kuuza na kipi ndicho kesho yao.

Moyo ndani ya stoo

Tajiri wa Luka 12 hakukemewa kwa kuwa na ghala. Yusufu alijaza maghala, na Mungu alikuwa naye. Tofauti iko wapi? Yusufu alikuwa na hesabu: sehemu moja ya tano, miaka saba, na watu wa kulishwa. Yule tajiri alikuwa na nafsi yake tu, na hesabu yake haikumtaja mtu mwingine. Ukiweka, jua unaweka kiasi gani, hadi lini, na kwa ajili ya nani. Ukikosa majibu hayo matatu, pengine unayemtunza stoo ni hofu.

Naye Bwana Yesu, baada ya kulisha maelfu, aliagiza mabaki yaokotwe, yakajaa vikapu kumi na viwili. Mwenye uwezo wa kuzidisha mkate hakutaka makombo yapotee.

Yule mama aliuza pampu iliyokufa na vipuri vyake, roli mbili za paipu na toroli ya pili, si kwa kilo bali kwa mtu mwenye shamba. Alimweleza kila kasoro. Deni la duka likaisha na karo ikapungua. Alinunua nozeli moja ya akiba, akaifunga kwa karatasi yenye mafuta, akaandika tarehe. Iko kwenye kopo, juu ya rafu, pale mume wake alipoweka zake.

Fanya wiki hii: Toa katoni moja tu nyumbani kwako. Tenga mafungu matatu: cha kuweka, cha kuuza, cha kumpa anayehitaji. Cha kuweka kiandike jina la mashine yake na tarehe.

Maswali ya vikundi:
1. Ni kitu gani unakiweka kwa hofu, na kipi kwa mpango?
2. Sisi watu wa pump na visima hapa Tarbaj, ni spea gani tungeweza kununua pamoja na kuazimana?
3. Umewahi kumshauri mtu kabla ya kumuuliza? Je, ulirudi kwake?

Maombi: Baba, tupe hekima ya kujua cha kushika na cha kuachilia. Utuponye na haraka ya kushauri, na mikono yetu isifungwe na vitu tusivyovihitaji. Katika jina la Yesu, amina.