Pumzi Nne za Gari la Moshi

Reli ya Uganda ilifika Kasese mwaka 1956. Mbarara wala Nakivale haikufika. Kwa hiyo wengi wetu twaijua sauti ya gari la moshi kwa kusimuliwa tu, na mwenye kutuuzia mfano wake wa shaba, uliotiwa sauti, aweza kutudanganya. Basi tujifunze kupima.

Tutazame vichwa vya daraja la 59 vya East African Railways, vilivyoundwa Manchester. Kimoja, Mount Gelai, kimehifadhiwa Nairobi. Gurudumu likizunguka mara 1, kila silinda hutoa mvuke mara 2. Silinda 2 hutoa pumzi 4. Magurudumu yake makubwa yana kipenyo cha sentimita 137, yaani mzunguko wa mita 4.3. Kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa, pumzi ni kama 9 kila sekunde. Tena kina mitambo 2, mbele na nyuma. Pumzi zao hupatana, kisha huachana.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji auendeshe polepole, nawe uhesabu. Asiye na fedha na atengeneze gari la mkebe, apigilie misumari 4 kandokando ya gurudumu, igonge kipande cha bati. Sauti isiyofuata gurudumu ni kelele tu.