Tulaytula na Siyu: Elimu na Kazi ya Mkono

Darsa hii twaiandika Kimulot, katika vilima vya majani ya chai, mbali na mwambao wetu. Hapa mchumaji hufundishwa kuchagua majani mawili na kichipukizi chake, mpaka mkono ukazoea. Kila kazi njema ina mwalimu wake, nayo ikikosa mwanafunzi hufa. Na tulitazame jambo hili katika miji miwili.

Wa kwanza ni Toledo wa Hispania, ambao Waarabu waliuita Tulaytula. Umejengwa juu ya kilima cha mawe, na mto Tagus umeuzunguka pande tatu. Waislamu waliutawala tangu mwanzo wa karne ya 8 hata mwaka 1085, ulipotwaliwa na mfalme Alfonso wa Sita. Mji huo ulisifika kwa panga, na kwa nakshi za nyuzi za dhahabu na fedha zinazogongewa juu ya chuma. Humo, katika karne ya 11, aliishi Az-Zarqali, fundi wa kuchora madini. Alikuwa akiwatengenezea wanavyuoni vyombo vya kupimia nyota. Kisha akaisoma elimu yao mpaka akawa bingwa wa falaki, akabuni asturlabu ifaayo kwa kila nchi. Nyundo haikumzuia kushika kalamu.

Utawala uliondoka, lakini kazi ilibaki. Katika karne ya 12 vitabu vya Kiarabu vilifasiriwa humo kwa Kilatini, na nakshi ile ya chuma yafanywa hata leo.

Mji wa pili ni wetu: Siyu, katika kisiwa cha Pate. Hauna kilima, lakini ulikuwa na sifa kama hizo. Katika miaka ya 1840 watu wake, wakiongozwa na Bwana Mataka, waliyashinda majeshi ya Sayyid Said. Hawakutiishwa ila mwaka 1863, zama za Sayyid Majid. Ngome ya Siyu ingali imesimama. Lakini fakhari yake kubwa si vita. Palikuwa na maulamaa, na waandishi walionakili Misahafu kwa mkono na kuipamba kwa wino wa rangi. Palikuwa pia na mafundi wa ngozi, wahunzi, na maseremala wa nakshi. Msahafu ulitaka kalamu ya mwanachuoni na jalada la fundi wa ngozi. Hapana aliyejitosheleza peke yake.

Leo mafundi hao wamebaki wachache. Viatu vya kiwandani vilikuja, na Misahafu ya chapa ikaja. Hilo halina lawama. Lawama ni yetu, tunaoona fakhari mtoto akiitwa karani, na tukaona haya akiitwa mhunzi. Nabii Daud alifundishwa na Mola wake kutengeneza deraya, na Nabii Zakaria alikuwa seremala. Basi aibu iko wapi?

Twawausia mambo mawili. Fundi mzee asife kabla hajamfundisha kijana mmoja, awe mwanawe au wa jirani. Na mwanafunzi wa chuo, siku asizosoma, akae mbele ya fundi kama akaavyo mbele ya mwalimu wake.