Sindano ya Kuongeza Chembe Nyeupe: Yampasayo Mnunuzi Kujua

Damu hutengenezwa katika uboho, ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa. Uboho hufanya kazi kwa amri, na amri hizo huletwa na protini ziitwazo vichocheo vya ukuaji. Erithropoietini, itokayo hasa kwenye figo, huagiza chembe nyekundu. Kichocheo kingine huagiza chembe nyeupe zinazopambana na bakteria. Mahitaji yakitimia, amri hupungua.

Saratani ya damu huvuruga utaratibu huo. Mwaka 1960 watafiti wa Philadelphia, Marekani, waliona kromosomu isiyo ya kawaida kwa wagonjwa wa lukemia sugu ya mieloidi. Baadaye ilibainika kwamba kasoro hiyo huzalisha protini inayoiamuru chembe iongezeke bila kukoma, hata pasipo kichocheo kuifikia. Vidonge vya imatinibu huizuia protini hiyo.

Sindano ya filgrastimu ni kitu kingine kabisa: yenyewe ni kichocheo, wala haiui saratani. Huagizwa kwa sababu tibakemikali hupunguza chembe nyeupe, na mgonjwa akabaki bila kinga. Huanza kuchomwa saa 24 au zaidi baada ya dozi ya tibakemikali. Anayekuuzia kama “dawa ya kuongeza damu” anakupotosha. Tena, chembe za baadhi ya lukemia nazo huweza kuitikia amri ileile, hivyo uamuzi ni wa daktari bingwa pekee.

Kwa mkazi wa Lusahunga anayetibiwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, shida kubwa huwa njiani. Filgrastimu hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na basi la kupitia Geita na Biharamulo halina jokofu. Usiiweke kwenye buti wala karibu na injini. Ibebe katika kisanduku cha kutunza ubaridi, ukiitenga na barafu kwa kitambaa, kwani kuganda nako huweza kuiharibu. Kabla ya kusafiri, kipigie simu kituo cha afya cha karibu nawe: jokofu linafanya kazi? Muuguzi yupo siku ya sindano?

Maumivu ya mifupa ni ya kawaida, mweleze muuguzi. Homa ya nyuzi 38 au zaidi baada ya tibakemikali ni dharura: nenda hospitali saa hiyohiyo, usiku hata mchana, usimeze panadoli ukalala.

Dai risiti na utunze boksi lenye namba ya toleo. Ukiitilia shaka dawa, namba hiyo ndiyo itakayohitajika unapotoa taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).