Umeunganisha Duka Lako na M-PESA? Jaribu Kwanza

Tuseme una agrovet sokoni Tulia, kaunti ya Kitui, na fundi wa kompyuta amekuunganishia programu ya mauzo na M-PESA. Mteja akinunua mbegu za ndengu, unaandika namba yake, simu yake inaletewa ombi la PIN, analipa, na risiti inatoka yenyewe. Poa sana! Lakini je, mmeijaribu?

Programu yako inaweza kuwa sawa, na M-PESA pia ikawa sawa. Shida hutokea pale zinapokutana: simu ya mteja inasema amelipa, kompyuta yako inasema bado. Sasa nani anasema ukweli?

Mnajaribia wapi?

Safaricom ilizindua Daraja mwaka 2017 ili programu za biashara ziunganishwe na M-PESA. Ndani yake kuna uwanja wa majaribio. Fundi hujisajili bila malipo, kisha anatumia namba ya majaribio 174379 badala ya till yako.

Majaribio matano ya lazima

1. *Malipo yamepita.* Daraja hurudisha jibu namba 0. Hakikisha kiasi ni kile kile, na jibu hilo likija mara mbili, lihesabiwe mara moja tu.

2. *Mteja amekataa.* Jibu ni 1032. Risiti isitoke.

3. *Salio halitoshi.* Jibu ni 1. Programu ikwambie hivyo kwa lugha unayoelewa, si kukuonyesha namba tu.

4. *Simu haipatikani.* Jibu ni 1037. Programu isimtumie mteja maombi mfululizo.

5. *Jibu halikufika.* Hili ndilo wengi huliruka, na ndilo linaloleta ugomvi kaunta. Mwambie fundi azime seva yenu ombi likishatumwa, kisha aiwashe. Programu inafaa iulize Daraja yenyewe muamala ule uliishia wapi, kabla hujamwambia mteja alipe tena. Isipofanya hivyo, kuna mtu atalipia mfuko mmoja wa mbegu mara mbili.

Hali ambazo ni ngumu kuzipata, fundi anaweza kuziiga kwa kutuma jibu la bandia kwenye programu yako.

Kabla ya kuanza kuuza

Hakikisha 174379 imeondolewa na namba yako imewekwa, pamoja na funguo mpya za Daraja. Kisha jilipe shilingi 1 ukitumia simu yako. Angalia sehemu tatu: SMS ya M-PESA, programu yako, na taarifa ya till. Zote zikionyesha muamala mmoja wenye namba ile ile, uko tayari.

Fundi akibadilisha kitu chochote baadaye, hata kidogo, rudieni yote matano. Badiliko dogo upande mmoja linaweza kuharibu upande wa pili.

Kumbuka: hakuna jaribio linalohitaji umpe fundi PIN yako ya M-PESA. Ukijilipa ile shilingi, iandike mwenyewe kwenye simu yako. Mteja naye aandike yake kwenye simu yake, si kwenye kompyuta ya duka.

Fundi akikwambia "iko sawa", mshukuru, halafu mwambie akuonyeshe jaribio namba tano.