Bakteria Walinzi wa Soseji za Ureno

Katika mkoa wa Alentejo, kusini mwa Ureno, nyama ya nguruwe hukatwakatwa, hutiwa chumvi, kitunguu saumu na rojo la pilipili hoho nyekundu, hujazwa katika utumbo uliosafishwa, kisha hutundikwa motoni ipate moshi na kukauka. Soseji nyingi za namna hii huliwa bila kupikwa.

Adui wake ni bakteria aitwaye Listeria monocytogenes. Huyu huvumilia chumvi, huzaana hata ndani ya jokofu, na mama mjamzito akimla aweza kupoteza mimba. Kuzidisha chumvi kungeharibu ladha, na ladha ndiyo inayouza soseji hizi.

Basi wataalamu huteua bakteria wasiodhuru, hasa Latilactobacillus sakei, mwenyeji wa nyama yenyewe, wakamchanganya humo kabla ya kujaza. Hula sukari iliyomo na kutoa asidi ya laktiki. Aina zake nyingine hutoa pia bakteriosini, yaani protini ndogo zitoboazo ngozi ya Listeria. Si kila aina ifaayo, kwani asidi ikizidi soseji huwa chachu, na mnunuzi huikataa.

Walinzi hao huwazuia maadui wachache tu. Mashine ya kusagia isiposafishwa vema, Listeria hujificha humo na kuingia katika kila nyama mpya isagwayo.