Dondoo muhimu: Lori la turbo likikosa nguvu mlimani

Usikimbilie kulaumu turbo. Angalia moshi kwanza. Nguvu hakuna na moshi ni mweusi, injini inakosa hewa; nguvu hakuna na moshi hauonekani, yaelekea dizeli haifiki.

Paipu za kutoka tenki hadi pampu ndizo zinazowazungusha mafundi wengi. Upande huo pampu inavuta, kwa hiyo ufa mdogo huenda usidondoshe hata tone, unaingiza hewa. Funga kwa muda kipande cha mpira wa mafuta unaoonyesha ndani, karibu na pampu, kisha washa injini. Mapovu yakipita mfululizo, kagua klipu, washa za shaba na sili ya filta. Hakuna mapovu lakini mpira unabonyea? Kuna kitu kimeziba nyuma yake: chujio la tenki, au tundu la hewa la mfuniko.

Ukibadilisha, nunua mpira wa dizeli wa kipenyo kilekile. Wa maji hulainika, hata muuza spea akiapa.

Kwenye injini ya komoni reli usilegeze paipu ya noze injini ikiunguruma, wala usitafute mvujo kwa kidole. Presha yaweza kupita baa 1,000, na dizeli hupenya ngozi. Pitisha kipande cha boksi.